Shajara ya mradi: bamba na bomba la kauri lenye nyuzi za alumina kwa matumizi ya 1000 °C

Lengo

Kipande tunachokitafuta ni bomba la moto la kichomeo cha gesi: kipenyo cha ndani 60 mm, urefu 150 mm, unene wa ukuta karibu 2 mm. Litakaa kwenye joto la 900 hadi 1000 °C, na litawashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku. Chuma cha pua mahali hapo huliwa na kutu ya joto na kujipinda, na kauri tupu hupasuka inapopoa ghafla. Kwa hiyo tunatumia kauri iliyotiwa nyuzi, na kabla ya bomba tunapitia mabamba ya 200 × 200 mm, maana bamba ndilo linalokatwa vipande vya kupimwa.

Nyuzi ni oksidi (alumina, yaani oksidi ya alumini), na matriksi, yaani kauri inayojaza nafasi kati ya nyuzi na kuzishika, nayo ni oksidi. Familia nyingine kubwa, ile ya silikoni kabaidi, ndiyo iliyoingia kwenye injini ya ndege ya LEAP mwaka 2016, na inastahimili joto kubwa zaidi. Lakini inadai tanuri isiyo na oksijeni na nyuzi zilizopakwa boroni nitraidi, utando ambao oksijeni huula mara tu ufa unapoifungulia njia. Oksidi imekwisha kuungua tangu mwanzo. Inachomwa kwenye hewa ya kawaida, ndani ya tanuri la umeme la kawaida, na haina cha kuungua tena. Injini ya ndege ya GE Passport ina sehemu za aina hii upande wa moshi.

Jambo la kulishika tangu sasa, kwa sababu kila uamuzi hapa chini unatoka kwake: matriksi yetu lazima iwe dhaifu. Nyuzi hazina utando wowote, zimegusana na matriksi moja kwa moja. Matriksi ikiwa imara, ufa unaoanzia ndani yake hupita moja kwa moja na kukata nyuzi, nasi tunabaki na sahani ya chai ya bei mbaya. Ikiwa na vitundu vingi vidogo vilivyosambaa sawasawa, ufa huzungukazunguka kati ya chembe, hupoteza nguvu, na nyuzi hubaki zimebeba mzigo. Watafiti Tu, Lange na Evans waliliandika wazo hili mwaka 1996, na mabamba ya oksidi ya leo bado yanasimama juu yake.

Malighafi

Kitambaa ni Nextel 610 cha kampuni ya 3M: alumina zaidi ya 99%, uzito mahususi 3.9 g/cm³, kipenyo cha uzi mmoja 10 hadi 12 µm. Kuna Nextel 720 pia, yenye alumina 85% na silika (oksidi ya silikoni) 15%. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya 610, ila hairefuki kirahisi chini ya mzigo wa muda mrefu kwenye joto. Mpaka wake chini ya mzigo huo ni karibu 1150 °C wakati 610 huishia karibu 1000 °C. Bomba letu halibebi mzigo mkubwa, kwa hiyo 610 inatosha. Mfumo wa kufuma ni satini ya nyuzi nane, 373 g kwa mita ya mraba.

Matriksi ni mulaiti (madini ya alumina na silika) 80% kwa uzito, chembe za karibu 1 µm, na alumina 20%, chembe za karibu 0.2 µm. Mulaiti haiungani kirahisi chini ya 1300 °C, hivyo chembe zake hugusana na kuunda kiunzi kisichosinyaa. Alumina ndogo ndiyo inayoungana kwenye 1200 °C na kutengeneza vidaraja kati ya chembe za mulaiti. Ukizidisha alumina, matriksi husinyaa huku nyuzi zikiizuia, na inachanika vipandevipande. Ukiipunguza mno, bamba hutoa unga ukilisugua kwa kidole.

Tumeulizwa kwa nini tusitumie kaolini ya Pugu au kianiti ya Murka kule Taita, ambavyo vyote hugeuka mulaiti vikichomwa. Jibu ni kwamba vyote viwili huacha silika ya ziada, na kaolini huja na chuma na alkali kidogo. Silika ikikutana na alkali hutengeneza kioo kwenye mipaka ya chembe, kioo hicho hugusa uzi wa alumina, na chembe za ndani ya uzi huanza kukua. Uzi wenye chembe kubwa ni uzi uliopoteza nguvu. Kwa rafu na vikalio vya tanuri, malighafi hizo ni nzuri sana na tunazitumia hivyo.

Kukata na kusafisha kitambaa

Kitambaa hukatwa kikiwa bado na gundi ya kiwandani. Gundi ikishaondoka, ukingo hufumuka hata kwa kushikwa tu. Tunakata kwa kisu cha gurudumu, tukiacha 5 mm kila upande, na tunaweka alama ya kalamu kuonyesha mwelekeo wa mtande na ni uso upi uko juu.

Hilo la uso si urembo. Kwenye satini ya nyuzi nane, uso mmoja umejaa nyuzi za mtande na wa pili umejaa za mshindio. Ukipanga tabaka zote 12 zikitazama upande mmoja, bamba litatoka tanurini limejikunja kama kigae. Tabaka 6 za chini zinatazama juu, 6 za juu zinatazama chini, na katikati ya unene ndipo kioo cha ulinganifu.

Baada ya kukata, kitambaa hukaa kwenye 700 °C kwa saa 2, juu ya bamba safi la alumina. Pima uzito kabla na baada. Ukirudisha tena tanurini na uzito usibadilike, gundi imekwisha. Kuanzia hapo ni glavu tu. Chumvi ya jasho ni sodiamu, na sodiamu ndiyo alkali tuliyokuwa tunaikimbia. Vaa barakoa na mikono mirefu pia: nyuzi ni nene kiasi cha kutofika ndani kabisa ya mapafu, lakini vipande vilivyovunjika huwasha ngozi na koo vibaya.

Anayejifunza kupanga tabaka afanye kwanza na kitambaa cha nyuzi za kioo chenye mfumo uleule. Uji, yaani unga wa matriksi uliokorogwa kwenye maji, unashika vivyo hivyo, mkunjo unatokea palepale, na gharama ni ndogo mno. Kisichowezekana ni kukichoma.

Uji

Kwa kilo 1 ya unga:

- mulaiti 800 g
- alumina 200 g
- maji yaliyoondolewa chumvi 260 g
- gliserini 250 g
- kisambazaji (kinachozuia chembe zisishikamane) cha amonia poliakrileti, 10 g

Changanya maji, gliserini na kisambazaji kwanza, kisha ongeza alumina kidogokidogo, mwisho mulaiti. Chupa ya plastiki yenye mipira ya zirkonia ya 10 mm inazungushwa kwenye rola kwa saa 24. Ujazo wa unga ni karibu 303 cm³ ndani ya jumla ya 760 cm³, yaani takriban 40%. Uji mzuri hutiririka kama maziwa mazito na hauachi mabonge kwenye chujio la 63 µm. Ukiwa mzito ghafla siku ya pili, mara nyingi pH imeshuka. Tone chache za amonia kuirudisha karibu na 9 hutosha. Kuongeza maji badala ya amonia hufanya uji uonekane mwepesi huku chembe zikiwa zimeshikamana vilevile, na mashikamano hayo hayapiti kati ya nyuzi. Yanabaki juu ya kitambaa, na ndani ya fungu la nyuzi kunakuwa kukavu.

Gliserini ina kazi mbili. Inafanya kitambaa kilicholoweshwa kibaki laini na chenye kunata baada ya maji kuondoka, na inaruhusu tabaka ziteleze kidogo zinapobanwa.

Kulowesha, kisha kupima

Kitambaa hulazwa kwenye trei ya uji, hukandamizwa kwa rola laini pande zote mbili, kisha huvutwa kati ya fimbo mbili za chuma cha pua ili uji wa ziada ukamuliwe. Sheria ni rahisi kuikumbuka: kikitoka kati ya fimbo, kipande kiwe na uzito mara mbili ya kitambaa kikavu. Kwa kipande cha 200 × 200 mm ni kitambaa 14.9 g na uji 15.1 g, na uji huo una unga 10 g na gliserini 2.5 g.

Hesabu inatoka kwenye unene tunaoutaka. Tabaka 12 zina nyuzi 4476 g kwa mita ya mraba. Ukigawa kwa 3.9 unapata nyuzi zenye unene wa 1.15 mm kama zingekuwa bonge lisilo na nafasi. Bamba la 2.7 mm basi lina nyuzi 42.5% ya ujazo. Tukitaka vitundu viwe karibu 24%, unga unabaki na 33.5%, sawa na 250 g kwa mita ya mraba kwa kila tabaka. Mizani ya 0.1 g inatosha kabisa. Kipande kinachozidi 31 g kinarudi kwenye fimbo. Kilicho chini ya 29 g kinarudi kwenye trei.

Unyevu wa hewa: bamba A na bamba B

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na maabara za Ulaya zinakotoka mapishi haya. Gliserini hunywa maji ya hewani mpaka ilingane nayo. Hewa ikiwa na unyevu wa 50%, gliserini hushika maji karibu robo ya uzito wake. Ikiwa na 80%, kiwango cha kawaida cha asubuhi ya Dar es Salaam, hushika maji yanayokaribia uzito wake wenyewe. Kitambaa kilekile, uji uleule, ila ugumu wa uji ndani ya kitambaa ni tofauti kabisa.

Tunatumia sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, feni ndogo ya kompyuta, na sinia ya chumvi iliyokolea hadi punje zikabaki chini. Chumvi ya mezani ingeweka unyevu kwenye 75%, bado juu mno. Magnesiamu nitrati huweka karibu 53% na sodiamu bromaidi karibu 58% kwa 25 °C, tunatumia bromaidi. Vipande vinaning'inia humo usiku mzima. Kesho yake kipande kiwe kinanata kwenye glavu lakini kisiache alama ya uji.

Bamba A limepangwa kutoka kwenye sanduku. Bamba B tumeliacha makusudi kwenye hewa ya wazi, unyevu ukiwa juu ya 80%, ili tofauti ionekane kwa namba. Tulipovuta hewa kwenye mfuko wa ombwe wa B (hatua iliyoelezwa hapa chini), uji ulitoka pembeni na kujaza kitambaa cha kunyonya. Bamba likatoka na unene wa 2.4 mm, nyuzi karibu 48%. Kwa haraka mtu angesema nyuzi nyingi ni bora. Vipimo hapa chini vinasema vinginevyo.

Kukausha kupita kiasi nako kuna adhabu yake. Kwenye chumba chenye kiyoyozi, tabaka huwa kama ngozi kavu, hazishikani, na mstari mweupe wa nafasi huonekana kati ya tabaka ukikata bamba.

Mfuko wa ombwe

Kuanzia chini: bamba la alumini la 10 mm, filamu ya plastiki isiyonata, tabaka 12, kitambaa cha kubandua, filamu yenye matundu madogo, kitambaa cha kunyonya, bamba jembamba la alumini la juu, kitambaa cha kupitisha hewa, mfuko, utepe wa kuzibia. Kila baada ya tabaka 3 tunapitisha rola ya mpira kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo kilichobaki kati ya tabaka hakitoki tena baadaye.

Ombwe la 0.9 bar, saa 1 kwenye joto la chumba, kisha mfuko mzima na pampu ikiendelea kuvuta unaingia kwenye oveni: 60 °C saa 4, 80 °C usiku kucha, 100 °C saa 4. Ombwe lisikatike kabla ya maji kuisha. Umeme ukikatika kwenye 80 °C na mfuko ukapumua, maji yaliyobaki hugeuka mvuke bila shinikizo la kuzishika tabaka, na zinaachana katikati. Tumeweka vali ya kuzuia hewa isirudi na tangi tupu la lita 20 kati ya pampu na mfuko. Mfuko usiovuja hukaa salama kwa muda wa kutosha kuwasha jenereta.

Kwa 100 °C gliserini nyingi bado imo ndani. Hilo ni jema: bamba lina ugumu wa kadibodi nene na linaweza kushikwa.

Kuchoma

Bamba hulazwa juu ya punje za alumina zilizosambazwa kwenye rafu, bila kitu juu yake. Rafu zisiwe zimepakwa chokaa au rangi za wafinyanzi.

- hadi 500 °C kwa 1 °C kwa dakika, kisha saa 1
- hadi 1200 °C kwa 5 °C kwa dakika, kisha saa 2
- kushuka kwa 5 °C kwa dakika, kisha tanuri lipoe lenyewe

Kipande cha kwanza cha ratiba ndicho cha kuogopwa. Bamba moja lina gliserini karibu 30 g, na yote inatoka kati ya 150 na 350 °C. Ukienda haraka, mvuke wake huinua tabaka ya juu kama chapati. Na gliserini inayounguzwa hutoa akrolini, moshi unaokata macho na koo. Tundu la juu la tanuri liwe wazi, feni ya kutolea nje iwe inafanya kazi, na mtu asikae chumbani.

Themokapo (kipima joto cha nyaya mbili) aina ya K hupotoka ikikaa muda mrefu juu ya 1000 °C hewani. Tunatumia aina ya S, na kando ya bamba tunaweka koni ya mfinyanzi kama shahidi wa pili. Kosa la 20 °C lina maana hapa.

Bamba likitoka, kwanza mizani: nyuzi 179 g na unga 120 g, jumla 299 g. Likiwa na 290 g, uji ulipotea kwenye mfuko, na hakuna haja ya kukisia zaidi. Kisha gonga kwa kucha. Bamba zima hulia; lenye tabaka zilizoachana hutoa sauti ya mbao iliyooza, na unaweza kuufuata mpaka wa ubovu kwa kugonga na kuchora kwa penseli.

Nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, zinazoonekana kwa lenzi kati ya mafungu ya nyuzi, ni za kawaida. Nyuzi hazisinyai, matriksi husinyaa kidogo, na lazima kitu kikubali. Zinazokataliwa ni zile zinazopita sambamba na tabaka.

Vipimo

Vipande vya 100 × 10 mm vinakatwa kwa diski ya almasi na maji safi, vinachemshwa kuondoa uchafu, na kukaushwa kwa 110 °C.

Vitundu kwa njia ya Archimedes. Kipande cha bamba A: kikavu 7.46 g, kimejaa maji baada ya kuvutiwa ombwe 8.11 g, kikiwa kimening'inia ndani ya maji 5.41 g. Ujazo ni 8.11 − 5.41 = 2.70 cm³, maji yaliyoingia 0.65 g, vitundu wazi 24%, uzito mahususi 2.76 g/cm³. Kinachopotosha watu hapa ni kufuta kipande kwa kitambaa kikavu, kwani hunyonya maji kutoka kwenye vitundu vya juu. Kitambaa kiwe na unyevu.

Kupinda kwa nukta tatu. Umbali wa vikalio 60 mm kwa unene wa 2.7 mm, yaani mara 22. Nguvu ni 3FL/2bh² (F mzigo, L umbali wa vikalio, b upana, h unene), kwa vipimo hivi MPa 1.23 kwa kila niutoni 1. Umbali huu haukuchaguliwa ovyo. Mzigo uleule unaovuta uso wa chini pia unakata tabaka katikati, na uwiano wa msukumo wa kukata kwa ule wa kuvuta ni h/2L. Kwa 60 mm, mvuto wa 290 MPa huja na kukata kwa 6.5 MPa tu. Ungeweka vikalio kwenye 27 mm, ukataji ungefika 14.5 MPa, tabaka zingeachana kabla ya nyuzi kukatika, na namba ambayo ungeiita nguvu ya bamba isingekuwa nguvu ya bamba. Takwimu nyingi zinazotofautiana sana za kauri hizi zinaelezeka kwa jambo hili moja.

Ukataji kati ya tabaka unapimwa peke yake kwa kipande kifupi, vikalio 13.5 mm, nguvu 0.75F/bh.

Matokeo: bamba A linapinda kwa 270 hadi 310 MPa na ukataji wa karibu 12 MPa. Bamba B linapinda karibu sawa na A, lakini ukataji umeshuka hadi 8 MPa. Matriksi iliyokamuliwa iliacha nyuzi za tabaka mbili zikigusana bila kitu cha kuziunganisha. Kwenye bomba, ambako joto la ndani na la nje hutofautiana na tabaka husukumana, udhaifu huo ndio ungeliua.

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni mlio. Kipande cha 100 mm kinalazwa juu ya nyuzi mbili nyembamba, 22.4 mm kutoka kila ncha, kinagongwa katikati kwa mpira mdogo wa chuma, na simu inarekodi. Masafa ni 1.028 × (h/L²) × √(E/ρ), ambapo L hapa ni urefu wa kipande, E ukakamavu na ρ uzito mahususi. Kwa kipande chetu chenye ukakamavu wa karibu 100 GPa, mlio uko karibu na 1670 Hz. Ukakamavu hupanda kwa mraba wa masafa: masafa yakipanda 5%, ukakamavu umepanda 10%. Hakuna kinachovunjika, kwa hiyo kipande kilekile kinapimwa kabla na baada ya kila jaribio la moto.

Bamba C: joto la kupita kiasi

Bamba C lilichomwa 1300 °C kwa saa 2, kila kitu kingine sawa na A. Mlio wake ni wa juu zaidi, ukataji umepanda hadi karibu 17 MPa, ukilikuna halitoi unga hata kidogo. Kwa mkono lingechaguliwa na kila mtu kuwa ndilo bora. Kwenye kupinda lilivunjika karibu na 190 MPa, kwa mkupuo mmoja.

Uso wa mvunjiko unaeleza. Kwenye A, mvunjiko ni kama brashi: mafungu ya nyuzi yamechomoza kwa milimita kadhaa, yamekatika kila moja mahali pake, na mzigo ulishuka kwa ngazi. Kwenye C uso umekatika wima, karibu sawasawa, nyuzi na matriksi kwenye mstari mmoja. Mambo mawili yametokea pamoja: vidaraja vya alumina vimenenepa hadi matriksi ikaacha kuzungusha ufa, na chembe ndani ya nyuzi zenyewe zimekua.

Hili lina maana kwa matumizi, si kwa uchomaji peke yake. Kauri hii inaendelea kuungana polepole kila saa inayokaa kwenye joto. Kwa 1000 °C kasi ni ndogo mno, kwa 1200 °C si ndogo. Ndiyo sababu mlio wa bomba utapimwa kila linapofunguliwa kwa matengenezo. Ukianza kupanda, kauri inaanza kuwa ngumu na yenye kuvunjika, hata kama kwa macho haijabadilika.

Bomba

Ukuta wa 2 mm ni tabaka 9. Njia ya kwanza inayokuja akilini, pete 9 zilizofungwa kila moja, haifai. Tabaka mbichi ina unene wa karibu 0.30 mm na ikibanwa hushuka hadi 0.225 mm. Kwa tabaka 9 kipenyo cha nje kinapungua kwa 1.35 mm, na mzingo wa tabaka ya nje unapaswa kupungua kwa zaidi ya 4 mm. Pete iliyofungwa haina pa kuzipeleka hizo 4 mm, hivyo inakunjamana, na mkunjo mmoja ni ufa uliokwisha kuandaliwa.

Tunaviringisha kipande kimoja kirefu: wastani wa mzingo 195 mm mara 9, karibu 1.75 m, upana 170 mm ili kukatwa baadaye. Kikibanwa, mviringo unajikaza kwa kuteleza juu ya gliserini. Kalibu ni bomba la alumini la 60 mm lililofunikwa kwa filamu isiyonata. Likipoa kutoka 100 °C husinyaa kuliko kauri na kuachia lenyewe. Mfuko unawekewa mikunjo miwili mikubwa ya makusudi, mkabala, ili mingine midogo isijitengeneze popote. Kuchomwa kunafanyika bomba likiwa limesimama wima, bila kalibu.

Moto

Kabla ya kuwashwa mara ya kwanza, na kila likikaa siku nyingi bila kazi, bomba linakaushwa kwa 110 °C. Robo ya ujazo wake ni vitundu, na vitundu hunywa unyevu. Maji hayo yakipigwa na moto wa gesi moja kwa moja hugeuka mvuke ndani ya ukuta.

Jaribio ni dakika 1 kwenye moto, dakika 1 kwenye hewa ya feni, kwa mizunguko mfululizo, na mlio kupimwa kila baada ya mizunguko 50. Bomba limeanza mizunguko hiyo na masafa hayajashuka.

Joto la uso lilihitaji uangalifu. Pairomita (kipima joto cha mbali) ya kawaida ya mafundi wa chuma husoma mawimbi ya karibu 1 µm, na kwenye mawimbi hayo alumina nyeupe hutoa mwanga kidogo sana na hupitisha mwanga wa nyuma yake. Inasoma chini sana kuliko joto halisi. Inayosoma 8 hadi 14 µm ndiyo inayofaa, huko oksidi huonekana karibu nyeusi. Mgawo wa 0.9 unakaribiana na themokapo nyembamba iliyobandikwa kwa saruji ya alumina.

Hewa ya kichomeo tunaivuta ndani ya jengo kupitia chujio, si upande wa bahari. Chumvi inayoingia na hewa hutua kwenye mulaiti kama sodiamu, na tayari tunajua sodiamu hufanya nini.

Kinachoendelea: kufunga bomba kwenye chuma

Pete ya chuma cha pua itashika ncha ya bomba, kipenyo cha nje 64 mm. Kauri yetu hutanuka karibu 7 × 10⁻⁶ kwa kila 1 °C, chuma karibu 18 × 10⁻⁶. Kazi ikiwa imetulia, bomba likiwa 950 °C na pete 500 °C, bomba limeongezeka 0.42 mm na pete 0.55 mm, karibu zinalingana, na hapo mtu angeridhika. Tatizo liko kwenye dakika za kwanza. Bomba linapata moto mara moja wakati pete bado baridi, na zile 0.42 mm hazina pa kwenda. Kwa hiyo pete inachongwa 65 mm, na nafasi inajazwa karatasi ya nyuzi za kauri ya 1 mm iliyobanwa hadi nusu. Boliti tatu zenye springi zinasukuma kwenye ncha, si kwenye ukuta, na hakuna tundu linalotobolewa kwenye bomba mpaka vipande vya majaribio vyenye tundu la 5 mm vimalize mizunguko yao.